Jina la Kifuniko na Namba ya Ubao

Juu ya meza ya fundi wangu wa kompyuta, katika chumba chake chembamba kilichoko Ngamiani hapa Tanga, zililala kompyuta mpakato mbili zilizovuliwa migongo. Moja ilikuwa yangu, niliyoinunua Dar es Salaam kwa fedha nilizozidunduliza mwaka mzima, na ya pili ilikuwa ya mwanafunzi mmoja wa chuo, ambaye aliipata kwa kiasi kisichofika nusu ya bei niliyolipa mimi. Vifuniko vya mashine hizo mbili vilibeba majina mawili tofauti, majina ambayo wanunuzi wa mjini hapa hubishania kama wanavyobishana washabiki wa Coastal Union na wale wa African Sports. Chapa zenyewe sitazitaja, kwa kuwa ugonjwa wa mashine yangu, ambayo ilikuwa imegoma kupokea chaji, haukuwa na uhusiano wowote na jina lililoandikwa juu yake.

Fundi alinipa kioo cha kukuzia akaniomba nisome maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Nilisoma herufi L na A, kistari, kisha mchanganyiko wa herufi na tarakimu uliokoma kwa P. Akanisogezea ubao wa mashine ya mwanafunzi, nami nikakuta maandishi ya mtindo uleule, tarakimu tu ndizo zilizotofautiana.

"Dada, hizi zimezaliwa tumbo moja," akasema. "Mimi jina la juu silisomi. Nikitafuta ramani ya umeme kwa jina la juu nitazunguka mpaka usiku, lakini nikiandika namba hii naipata."

Niliporudi dukani kwangu, maana ninaendesha duka dogo la steshenari lenye mashine za kuchapa na kurudufu, nilifungua kauntabuku mpya nikaandika namba zile mbili. Tangu siku hiyo, kila ninapopita kwa fundi nikakuta mashine iko wazi, huomba ruhusa ya kunakili namba ya ubao na jina la kifuniko chake. Fundi huniona kama mtu aliyepata kichaa cha aina ya pekee, lakini hanizuii, na mara nyingine huniwekea karatasi pembeni akiwa ameninakilia mwenyewe. Nimejifunza kwamba namba inayoanza kwa LA na kistari humaanisha ubao wa Compal, kwamba zile ndefu zinazoanza kwa DA0 ni za Quanta, na kwamba zinazoanza kwa 6050A ni za Inventec. Majina haya matatu hayapo kwenye bango la duka lolote la Tanga, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuingia dukani akaulizia laptopu ya Quanta. Hata hivyo, kampuni hizi za Taiwan, pamoja na wenzao Wistron na Pegatron, zimetengeneza sehemu kubwa mno ya kompyuta mpakato ambazo dunia imezitumia tangu mwanzo wa karne hii.

Inventec ilianzishwa mwaka 1975, Compal mwaka 1984 na Quanta mwaka 1988. Barry Lam, mwanzilishi wa Quanta, alikuwa ametangulia kufanya biashara ya vikokotozi, vile vijikompyuta vya kujumlisha na kutoa ambavyo wauza duka wetu bado wanavyo kaunta, na Inventec nayo ilianzia hukohuko. Ukilifikiria jambo hili utaona lina mantiki yake. Kikokotozi ni kifaa kidogo chenye faida ndogo, kinachomlazimu mtengenezaji ajue kubana kila senti na kila milimita. Mtu aliyekwisha kupata faida katika vikokotozi hakuwa na la kuogopa alipoletewa kompyuta ya kukunja.

Utaratibu wa kazi yao ni rahisi kuueleza. Kampuni yenye jina hupeleka maelezo ya mashine inayoitaka, yaani ukubwa wa skrini, uzito, muda wa betri na, zaidi ya yote, bei isiyopaswa kuvukwa. Mtengenezaji huchora ubao, hutafuta vipuri, hujenga sampuli, na sampuli ikikubaliwa hufyatua mashine kwa maelfu, kisha huzitia kwenye maboksi yenye nembo ya mteja wake. Mtengenezaji mmoja anaweza kuwahudumia wateja watano wanaogombana sokoni, kila mmoja na jengo lake na wafanyakazi wake wanaotakiwa kutunza siri. Kinyume chake pia ni kweli, kwani chapa moja huweza kumpa mtengenezaji huyu toleo moja na kumpa mwingine toleo la pili. Ndiyo maana katika kauntabuku yangu jina lilelile la kifuniko linaonekana mara na LA, mara na DA0.

Kwa nini watengenezaji hawa hawauzi kwa majina yao wenyewe? Jibu zuri nimelipata katika historia ya Acer. Stan Shih na wenzake waliianzisha mwaka 1976 kwa jina la Multitech, wakalibadili kuwa Acer mwaka 1987, na kwa miaka mingi kampuni hiyo ilivaa kofia mbili: iliuza kompyuta kwa jina lake, na wakati huohuo ikawatengenezea wengine. Wateja wakaanza kunung'unika, na wala huwezi kuwalaumu. Ni nani atakayempelekea fundi cherehani mtindo wake mpya wa nguo, ilhali fundi huyo ana duka lake mwenyewe kando ya barabara? Shih aliamua kuvunja nyumba, na mwaka 2001 upande wa utengenezaji ukajitenga na kuwa Wistron. ASUS, iliyozaliwa mwaka 1989 na kukata jina lake kutoka neno Pegasus, yule farasi mwenye mabawa wa ngano za Kigiriki, ilipita njia hiyohiyo: mwaka 2008 kazi ya kiwandani ilikwenda kwa Pegatron, na jina la ASUS likabaki na biashara yake. Mtu akichunguza majina hayo mawili ataona kwamba farasi mmoja aligawanywa, sehemu yake ya mwisho ikaenda sokoni na ya mwanzo ikabaki kiwandani.

Viwanda vyenyewe havikukaa Taiwan. Mpaka mwaka 2001 serikali ya Taiwan ilikuwa imezuia kompyuta mpakato zisitengenezwe China bara, na kizuizi kilipoondolewa, mistari ya uzalishaji ilihamia kwa kasi katika miji iliyo karibu na Shanghai, hasa Kunshan na Suzhou. Mishahara ya pwani ilipopanda, HP na watengenezaji wake wakaingia ndani zaidi, wakafika Chongqing kuanzia mwaka 2009. Ramani ya mji huo imenishangaza kila nilipoitazama, maana uko katikati ya milima kando ya mto Yangtze, mbali kabisa na bahari, mahali ambapo mtu wa mwambao kama mimi asingedhani kwamba mfanyabiashara wa kusafirisha nje angeweka mizigo yake. Tatizo la umbali lilijibiwa kwa reli. Tangu mwaka 2011 treni za mizigo zimekuwa zikitoka Chongqing, zikipita Kazakhstan, Urusi, Belarus na Poland, hadi Duisburg nchini Ujerumani, safari ya kilomita zipatazo 11,000, na kompyuta mpakato zilikuwa miongoni mwa mizigo ya mwanzo iliyoistahilia safari hiyo, kwa sababu ni bidhaa nyepesi, ya bei kubwa, ambayo thamani yake hushuka kila wiki inayokaa melini. Siku hizi baadhi ya kazi hiyo imesogezwa tena, hasa Vietnam na Thailand.

Nilipofika hapa katika kujielimisha kwangu, nilikuwa nimejijengea hoja ambayo niliiona haina mpinzani: kama tumbo ni moja, basi mabishano ya majina ni upuuzi, na mwanafunzi yule alikuwa na akili kuliko mimi niliyelipa zaidi ya mara mbili. Nilimweleza hivyo baba yangu jioni moja, tukiwa tumekaa barazani. Baba ni mzee aliyetumia nguvu zake katika mashamba ya mkonge upande wa Muheza, na miaka yake ya mwisho ya kazi aliimaliza kwenye chumba cha brashi. Hajawahi kumiliki kompyuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na daraja?"

Kwa msomaji asiyekulia huku, ni lazima nieleze. Mkonge uliingia katika nchi hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida kwa njia ya Hamburg, ikasalimika 62 tu, na kutokana na hiyo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya 1960. Majani yakikatwa hupitishwa kwenye korona, mashine inayoponda nyama ya jani na kuacha singa, kisha singa huanikwa juani, hupigwa brashi, na baada ya hapo huja kazi ambayo baba aliiheshimu kuliko zote, yaani kuzipanga. Singa ndefu, safi na nyeupe huenda kwenye daraja lake. Zilizo fupi kidogo au zenye madoa huenda jingine. Hupatikana 3L, hupatikana UG, na chini yake mengine tena, kila moja na robota lake. Shamba ni moja, korona ni moja, hata mfanyakazi anaweza kuwa yuleyule, lakini mnunuzi wa Ulaya hakuwahi kulipa bei ya 3L kwa robota la UG kwa sababu tu ameambiwa yote yametoka Muheza.

Swali la baba liliivunja hoja yangu, nami nilirudi kwa fundi nikiwa na macho mengine. Nilimwomba aniwekee tena mbao mbili pamoja, za mtengenezaji mmoja, na safari hii sikutazama namba bali nilitazama vitu vilivyozizunguka. Mashine moja ilikuwa na bawaba za chuma zilizofungwa kwa skrubu nne kila upande kwenye fremu ya chuma. Nyingine ilikuwa na bawaba zilizoshikiliwa na vijinundu vya plastiki ambavyo, kwa mujibu wa fundi, ndivyo huvunjika kwanza na kumfanya mteja aje amebeba laptopu kama mtu aliyebeba ndege mwenye bawa lililoteguka. Moja ilikuwa na tundu la chaji lililounganishwa kwa waya, ambalo likiharibika hung'olewa na kubadilishwa kwa dakika chache. Nyingine tundu lake lilikuwa limelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao, na hilo ndilo lililokuwa limeniua mimi. Moja ilikuwa na nafasi mbili za kuongezea kumbukumbu, nyingine haikuwa na hata moja. Mtengenezaji ni mmoja. Tofauti ilitoka kwenye ile bei isiyopaswa kuvukwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba majina makubwa hayatuuzii daraja moja, na kwamba kumuuliza mtu kama HP ni nzuri kuliko Dell ni sawa na kumuuliza kama mkonge wa Muheza ni mzuri kuliko wa Korogwe. HP wana EliteBook na ProBook kwa ajili ya maofisi, na kwa miaka mingi walikuwa na Pavilion kwa ajili ya nyumbani. Lenovo wana ThinkPad upande mmoja na IdeaPad upande mwingine. Dell walikuwa na Latitude na Inspiron, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2025 walipotangaza kwamba wanayaacha majina hayo na kuzipanga mashine zao upya kwa maneno kama Pro na Pro Max, uamuzi ambao, kwa maoni yangu, umewafaa watu wa matangazo kuliko mtu anayenunua mtumba. Acer wana TravelMate na Aspire; ASUS wana ExpertBook na VivoBook. Mteja wa daraja la ofisi hununua mashine mia tano kwa mkupuo na ana kitengo cha mafundi kitakachopiga kelele bawaba zikivunjika. Mteja wa daraja la nyumbani hununua moja, na kelele zake haziendi mbali.

Hata hivyo nisije nikaonekana ninasema kwamba jina ni rangi tupu. Wapo wenye majina wanaochora wenyewe mashine zao mpaka mwisho, wakamwachia mtengenezaji kazi ya kuunganisha tu. Apple, iliyoanzishwa mwaka 1976, ndiyo mfano ulio wazi, kwani tangu Novemba 2020 hata prosesa, yaani ubongo, za kompyuta zake mpakato inazibuni yenyewe, ingawa inayozichonga ni kampuni ya TSMC ya Taiwan. Lenovo nayo ina kisa chake. Ilianza mwaka 1984 jijini Beijing, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Legend; walioianzisha walikuwa watafiti kumi na mmoja wa Chuo cha Sayansi cha China wakiongozwa na Liu Chuanzhi, wakiwa na yuani 200,000 na kijumba kidogo cha kufanyia kazi. Miaka ishirini baadaye, Desemba 2004, kampuni hiyo ilitangaza kwamba inanunua kitengo chote cha kompyuta binafsi cha IBM, ununuzi uliokamilika mwaka 2005 kwa dola bilioni 1.25 na kuibebesha pia madeni. Pamoja na kitengo hicho ikachukua ThinkPad, iliyotoka mwaka 1992, mashine nyeusi ambayo Mjerumani Richard Sapper aliibuni kwa kulitazama boksi la chakula la Kijapani, la kawaida kwa nje na lenye mpangilio ndani. Jambo ambalo Lenovo walilifanya kwa busara ni kutolifunga jopo la wahandisi wa Yamato nchini Japani, waliokuwa wakiijenga ThinkPad tangu enzi za IBM. Jina lilibadilisha mmiliki, lakini mikono ilibaki. Na kwa kuwa mambo haya hayakosi kuzunguka, mwaka 2011 Lenovo iliingia ubia na Compal, wale wa LA wa kauntabuku yangu, wakajenga kiwanda kikubwa Hefei, na baadaye Lenovo ikainunua sehemu ya mwenzake.

Japani yenyewe imepoteza mengi. Toshiba T1100 ya mwaka 1985 ilikuwa miongoni mwa kompyuta za kwanza kabisa ambazo mtu angeweza kuziweka mapajani kwa maana halisi, na kwa miaka mingi jina la Toshiba lilikuwa ndilo laptopu kwa watu wa rika langu; katika ofisi za hapa Tanga nakumbuka watu wakisema "lete Toshiba" hata kama kilichokuwa mezani kilikuwa cha kampuni nyingine. Mwaka 2018 Toshiba iliiuzia Sharp asilimia 80.1 ya biashara hiyo, mwaka uliofuata jina likawa Dynabook, na mwaka 2020 ikamaliza kuuza kilichobaki. Sony iliuza VAIO mwaka 2014. NEC iliingia ubia na Lenovo mwaka 2011, na Fujitsu mwaka 2018 ikaipa Lenovo sehemu kubwa ya umiliki. Nchini Marekani, Compaq ya Houston, iliyozaliwa mwaka 1982, ilimezwa na HP mwaka 2002. Kompyuta ya kwanza niliyoifanyia kazi ilikuwa Compaq, na nilipoambiwa kwamba kampuni yake haipo tena nilijisikia kama mtu aliyepewa habari za msiba wa jamaa wa mbali.

Neno letu la kamusi, kompyuta mpakato, nililiona la kulazimisha nilipolisikia mara ya kwanza, kwa kuwa mtaani sote tunasema laptopu. Siku hizi nalipenda, kwani kweli kifaa hiki hupakatwa kama mtoto. Ila waliotangulia hawakupakatwa. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na haikuwa na betri ndani yake, kwa hiyo ilikuwa kompyuta ya kubebwa kwa maana ya mzigo. Mwaka uliofuata ulikuja GRiD Compass, kazi ya mbunifu Mwingereza Bill Moggridge, ambayo ndiyo iliyotupa umbo tulilonalo leo la kifuniko kinachofunga kama chaza juu ya kibodi.

Chini zaidi ya ubao kuna tabaka jingine la majina yasiyojulikana, na huko ndiko mabishano ya chapa hukosa kabisa pa kusimama. Betri ya lithiamu-ioni, ile inayochajiwa tena na tena, iliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na kwa miaka mingi seli za Sony zilikuwa ndani ya mashine za wapinzani wake. Mwaka 2006 ilipogundulika kwamba vipande vidogo vya chuma viliingia katika baadhi ya seli hizo na kuweza kuziwasha moto, Dell iliwataka wateja warudishe betri milioni 4.1, Apple milioni 1.8, na wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine. Watu waliokuwa wamehama chapa moja kwenda nyingine kwa hofu ya moto huenda walihama na seli zilezile. Skrini ni hivyohivyo: ukikibandua kioo utakuta kimetoka BOE ya China, AUO au Innolux ya Taiwan, au LG Display ya Korea Kusini, na fundi wangu hukibadilisha kwa kingine chochote kinacholingana vipimo na waya bila kujali kifuniko kinasemaje. Prosesa nyingi ni za Intel au AMD. AMD imeacha kumiliki viwanda vyake tangu mwaka 2009, na matoleo yake ya karibuni huchongwa na TSMC. Hata Intel, iliyojivunia viwanda vyake kwa miongo mingi, baadhi ya vipande vya prosesa zake za Core Ultra zilizotoka Desemba 2023 vilichongwa na TSMC hiyohiyo. TSMC nayo, ili ichonge vipande vidogo kabisa, hutegemea mitambo ya ASML ya mji mdogo wa Veldhoven nchini Uholanzi, ambayo hakuna kampuni nyingine inayoiuza.

Afrika inaingia wapi katika mlolongo huu? Kwa sehemu kubwa tunaingia mwishoni, kwenye kununua na kutengeneza zilizoharibika, ingawa pamekuwa na majaribio ya kuunganisha. Mecer ya Afrika Kusini ni jina la siku nyingi. Mwaka 2015 Positivo BGH, kampuni yenye asili ya Brazil na Argentina, ilianza kuunganisha kompyuta mpakato mjini Kigali. Kenya, vyuo vikuu viliingia ubia wa aina hiyo kwa ajili ya vifaa vya shule za msingi. Sibezi kuunganisha, kwa maana Taiwan nayo haikuanza kwa kuchora, lakini naona kwamba ujuzi ulio mkubwa zaidi kwetu kwa sasa uko katika meza kama ya fundi wangu, ambapo kijana aliyefundishwa na kaka yake anasoma ramani ya Compal kama baba alivyokuwa akisoma urefu wa singa kwa kuipitisha mkononi.

Soko la hapa Tanga, kwa kweli, ni soko la mtumba. Mashirika ya Ulaya na Marekani hukodi au kununua mashine za daraja la ofisi, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla. Wauzaji wa hapa huniambia kwamba mizigo yao mingi hupita Dubai, ikafika Kariakoo, ikapandishwa basi la Tanga na kushuka nasi ikipitia Segera. Matokeo yake ni kwamba, kwa bei ya laptopu mpya ya daraja la chini, mtu anaweza kupata EliteBook, Latitude au ThinkPad ya miaka mitano iliyopita, yenye mwili wa chuma, nafasi za kumbukumbu na vitabu vya matengenezo ambavyo kampuni hizo huvitoa wazi. Kwa mji wetu hilo si jambo dogo. Hewa ya bahari ina chumvi, na mashine iliyokaa karibu na dirisha upande wa Raskazone huota ukungu wa kijani kwenye viunganishi kabla mwenyewe hajafikiria. Mashine inayofunguka kwa skrubu chache na kusafishwa itaishi kuliko iliyobanwa kwa gundi, hata kama ya gundi ni mpya.

Mtumba nao una hila zake. Stika ya i7, jina la daraja la juu la prosesa za Intel, hainiambii chochote mpaka nijue kizazi chake, kwani i7 ya mwaka 2011 hushindwa na i3, ya daraja la chini, ya miaka kumi baadaye, na stika zenyewe huuzwa kwa karatasi. Nimeona mashine nzuri zikiwa zimefungwa kwa nywila ya kampuni iliyozimiliki, zikiwashwa hudai jina la mtu asiyejulikana wa Ulaya. Dell huweka mgongoni alama yenye jumla ya herufi na tarakimu saba ambayo ukiiingiza kwenye tovuti yao inakuonyesha mashine ilivyotoka kiwandani, na nimemwona muuzaji mmoja akibadilika sura mteja alipotoa simu na kuanza kuiandika. Betri ya mtumba ni bora uihesabu kuwa imekwisha, uipunguze kwenye bei.

Ile mashine yangu ilipona, lakini fundi hakunificha kwamba tundu lililolehemiwa upya halitadumu kama la kwanza, kwa hiyo niliiuza nikamweleza mnunuzi ukweli wote. Badala yake nilinunua ya ofisi, ya mtumba, nzito kidogo, yenye kibodi ambayo herufi zake tatu zimefutika kwa vidole vya mtu mwingine. Kabla sijalipa nilimwomba muuzaji aniruhusu niifungue mgongo. Akakataa, tukavutana, mwishowe akasimama juu yangu na bisibisi mkononi kama askari huku nikisoma namba kwa tochi ya simu. Ilianza kwa DA0. Bawaba zilikuwa za chuma, nafasi za kumbukumbu zilikuwa mbili, tundu la chaji lilikuwa na waya wake.

Jioni nilimwonyesha baba. Aliishika kwa mikono miwili, akaupima uzito, akaupitisha ukucha kwenye ukingo wa kifuniko, kisha akakifungua na kukifunga mara kadhaa akiisikiliza bawaba. Mimi nilikuwa nimeshatoa kauntabuku ninaandika.